Mdomo wa Kijana, Koo la Mama

Luodong, 2 Machi

Mwanangu Hui-tin,

Hujambo huko? Natumai kile kikohozi cha Taipei kimekuachia, na kwamba unakula chakula kilichopikwa, si vile vya kumwagia maji ya moto. Sisi huku wazima, isipokuwa koo langu. Daktari kaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Nitapasuliwa mara tu baada ya sikukuu ya Mazu, mungu wetu wa bahari, na mpaka hapo kanikataza kusema, hata kunong'ona. Sauti kama itarudi baada ya kisu, hajui. Ndiyo maana nakuandikia barua. Simu na mimi tumeachana, na zile jumbe zenu fupi haziwezi kubeba hasira niliyonayo.

Maana nina hasira. Mama mdogo A-giok, ambaye amekuwa mke wangu jukwaani tangu wewe hujazaliwa, alikuja juzi akanipasulia habari huku anatafuna karanga. Eti filamu yako ya "Kivuko cha Mierebi" imeshapata mwigizaji wa yule msomi, na msomi mwenyewe ni yule kijana wa tangazo la dawa ya meno. Nikadhani ananitania.

Yule msomi ni mimi, Hui-tin. Aliyekwenda mjini kutafuta cheo, akarudi na kukuta mkewe kafa akimngoja kivukoni, ni mimi. Wanawake wa mkoa mzima wa Yilan walinipenda nikiwa na joho na masharubu ya kubandika, na walijua vizuri kwamba chini ya joho yuko mwanamke mwenzao. Leo mwanangu wa kumzaa anauchukua mchezo wangu, halafu anatafuta mwanamume. Wa nini? Na mimi nisikie kwa watu.

Nieleze.

Mama yako


Taipei, 7 Machi

Mama yangu mpendwa,

Pokea heshima zangu. Kikohozi kimepona. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na begi mgongoni, na mpaka sasa moyo haujatulia. Uvimbe tangu lini? Kwa nini hukusema? Tafadhali mtii daktari, na usimpigie kelele hata kwa mikono.

Habari ya msomi ilipaswa kutoka kinywani mwangu. Niliogopa, nikawa naahirisha. Nisamehe.

Lakini nisikilize. Filamu yangu ni ya leo. Msomi ni mhandisi aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo, na mkewe anamngoja kwenye kivuko cha Tamsui. Kamera inakaa karibu na uso kuliko daktari wako. Jukwaani kuna rangi na taa, na watazamaji wako mbali. Kwenye filamu watu wangekuona wewe, mama yangu, mwenye miaka yako. Mtayarishaji alisema wangecheka. Sikutaka uchekwe.

Kijana ni mzuri, ila hajui kuimba. Kwa hiyo naomba kitu, na ninaomba nimepiga magoti. Nipe sauti yako kwa wimbo mmoja, ule wa kivukoni, kabla hujapasuliwa. Mdomo utakuwa wake, sauti yako.

Mwanao Hui-tin


Luodong, 15 Machi

Hui-tin,

Mimi mzima. Mvua hapa haijakatika, viatu vimeota ukungu.

Kumbe hukutaka nichekwe. Ahsante. Unataka koo langu lije Taipei, uso wangu ubaki nyumbani kuosha vyombo. Nimeisoma barua yako kwa A-giok, yaani nimempa aisome mwenyewe kwa sauti, na yeye ndiye aliyelia. Mimi nililisafisha joho.

Daktari anasema kila nikiimba sasa nauchokonoa uvimbe. Nimemwandikia kwenye karatasi kwamba nitaimba mara moja tu, siku ya Mazu, mbele ya hekalu, kama kila mwaka. Alitikisa kichwa, lakini bibi yake ni mshabiki wangu, akaniachia. Sauti iliyobaki nimeshamwahidi mungu. Mtafutie kijana wako koo jingine.

Nimekutumia ndimu ndogo za asali na bata wa kukaushwa. Usimpe mtayarishaji.

Mama yako


Taipei, 30 Machi

Mama,

Ulifika salama? Basi la Yilan lilikuwa limejaa? Hukuniambia unakuja, na hukuniambia unaondoka.

Nilipokuona mlangoni mwa studio, na koti lako la mvua na chupa yako ya chai, nilidhani naota. Ukaandika kwenye kiganja, "Wimbo mmoja, halafu naondoka." Uliimba. Fundi wa sauti, mtu ambaye huwa analala kazini, alivua miwani akafuta macho. Nilipotoka kukushukuru ulikuwa umeshapanda teksi. Hukunywa hata chai yangu.

Sasa kuna tatizo. Kijana tulishampiga picha akiimba wimbo ule. Alijifunza maneno kwa majuma mengi kutoka kwenye rekodi ya mwaka juzi ya hekaluni, ile ambayo hatuwezi kuitumia kwa sababu ya fataki na muuza soseji. Leo tumeiweka sauti yako juu ya mdomo wake. Mama, umeimba maneno mengine kabisa. Yeye anasema "mierebi", wewe unasema "mtoto". Yeye kafunga mdomo, wewe bado unalia.

Mtayarishaji kasema urudi uimbe maneno ya rekodi, la sivyo atatafuta mwimbaji mwingine. Najua ninachokuomba. Lakini niambie kwanza, ulifanya makusudi?

Mwanao


Luodong, 3 Aprili

Mwanangu,

Basi lilikuwa zuri. Kalamu ilikataa, miguu ikapanda. Koo limevimba, nakunywa uji tu.

Nilicheka bila sauti mpaka A-giok akaniletea maji. Makusudi? Wewe uliyelala ndani ya sanduku la mavazi, uliyenyonya nikiwa na ndevu za kubandika, unaniuliza maneno ya rekodi? Umesahau Mzee Tsua, kiongozi wa kikundi chetu, akikaa kwenye kiti cha plastiki baada ya chakula cha mchana na kutuambia, "Leo fulani anatoka kushoto, fulani anakufa, msomi analia"? Basi. Hakuna karatasi. Sauti ya wimbo ni ya wazee wetu, maneno kila mtu anayatafuta mwenyewe akiwa amesimama pale, kwa kumtazama aliye mbele yake. Sijawahi kuimba wimbo ule mara mbili kwa maneno yale yale. Hata ningetaka, sijui linafanywaje. Shule ya filamu imekufundisha mengi, ikakufuta hili.

Siku ile nilikuwa nakutazama wewe nyuma ya kioo. Umekonda, umevaa vipokea sauti vikubwa kama bakuli masikioni, unaniogopa. Nilimwimbia huyo.

Sirudi Taipei. Nikiimba tena huko, siku ya Mazu nitapanda jukwaani bubu. Mtayarishaji atafute amtakaye.

Mama yako


Taipei, 19 Aprili

Mama,

Natumai uvimbe umeshuka na unameza kitu kigumu kidogo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nagombana na watu.

Sikuombi urudi. Nimemwambia mtayarishaji kwamba mhandisi wangu hataimba. Atarudi kutoka ng'ambo, atakuta mkewe hayupo tena, atatangatanga mpaka Yilan, na atasimama kwenye umati mbele ya hekalu, mdomo umefungwa, akisikiliza mchezo wa zamani. Na atakayekuwa jukwaani ni wewe. Kwa joho lako, kwa rangi yako, kwa uso wako. Kamera itakaa karibu. Kama watu wanataka kucheka, wacheke.

Alisema nimerukwa na akili. Kanipa siku moja tu, hiyo ya Mazu. Mvua ikiharibu, au sauti yako ikikatika, filamu anaikabidhi kwa mwongozaji mwingine, na jina langu linatoka.

Sikuambii haya ili nikubebeshe. La, nakudanganya, ninakubebesha. Sina mwingine wa kumbebesha. Ukikataa nitakuja hata hivyo, kukuona ukiimba kabla ya kisu. Usifanye mazoezi hata kidogo. Hata bafuni.

Mwanao Hui-tin


Taipei, 26 Mei

Mama yangu,

Wauguzi wanasema uliamka vizuri na kwamba uliukataa uji wao kwa maandishi. Nitakuja wiki ijayo. Nimefungiwa kwenye chumba cha kuhariri, na kuna jambo haliniachi nilale.

Unakumbuka siku ya Mazu mvua ilivyotupiga hekaluni, umati ukabaki watu wachache na miavuli yao, na kijana wa dawa ya meno akalia kwelikweli mpaka tukashindwa kumnyamazisha? Sauti yako ilikwaruza mwanzoni, nikajua tumekwisha. Halafu ikapanda.

Leo fundi wa sauti kanionyesha kitu. Ameiweka rekodi ya studio juu ya rekodi ya hekaluni. Mama, ni maneno yale yale. Kila neno. Mpaka pale unaposema mtoto kakonda. Uliniandikia kwamba hujawahi, na kwamba hujui linafanywaje.

Ulijifunza kwa ajili ya filamu? Ulikaa na kuyakariri? Niambie, maana nahariri huku machozi yananizuia kuona.

Mwanao


Luodong, 2 Juni

Mwanangu Hui-tin,

Nimerudi nyumbani, kidonda kinapona, ndimu za asali zimekwisha, lete nyingine. Juzi daktari kaniruhusu kusema. Nikajaribu na A-giok. Imetoka sauti ya mtu mwingine kabisa, ya mzee wa kiume mvuta tumbaku. A-giok kasema hatimaye amepata mume wa kweli. Kuimba, basi. Nililia siku mbili, ya tatu nikaanika joho.

Sikukariri chochote. Nilipanda jukwaani bila neno hata moja, kama kawaida. Nikatazama mbele nione ni nani nitakayemwimbia. Mungu alikuwa ndani ya hekalu, kijana wako alikuwa pembeni, na wewe ulikuwa katikati ya mvua, mwavuli umeufunikia kamera, kichwa chako kinalowa, umekonda, unaniogopa. Alikuwa mtu yule yule. Sasa ningebadilisha nini?

Njoo Jumapili. Usile njiani, napika.

Mama yako