Majani Mekundu ya Mgori

Mgori, Jumapili

Mdogo wangu Yunisi,

Huku tupo. Mama anakohoa kidogo, na kuku wako ametotoa. Mvua bado.

Juzi nilikwenda msituni kuona miyombo ikichipua majani mekundu, kama tulivyozoea utotoni kila mvua zinapokaribia. Shemeji yako Damiani alinikataza, eti mwaka huu hayajapendeza. Nikaenda peke yangu. Yunisi, msitu wote ulikuwa mwekundu kama makaa!

Chini ya mti wenye mzinga wa nyuki wa Damiani nilikuta kanga imesahaulika. Ni kipande cha ile doti tuliyokata siku unahamia Manyoni, kimoja chako, kimoja changu. Changu nilikuwa nimejifunga kiunoni.

Na wewe ulisema hujakanyaga huku tangu Pasaka.

Jioni niliiweka mezani, pembeni ya ugali. Damiani hakuuliza ni ya nani.

Nimeifua. Nakutumia pamoja na kile changu, doti ikamilike. Mama nimemwambia unamsalimu. Ukipiga simu, mwamkie yeye tu. Mimi shikamoo yako sina pa kuiweka.

Ni mimi, wa tumbo moja na wewe,
Marietha