Kwa Kaka Eliakimu, Kuhusu Ile Jointi ya Ekseli

Kaka yangu Eliakimu,

Kutoka Kapsoit mpaka Mulot hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kunishinda kuendesha gari inayovutwa na magurudumu ya mbele. Nasema hivyo bila kupepesa jicho. Hata malaika akitaka kubishana, ashuke na gari yake tukutane kwenye kona za shamba la chai, na mabawa ayaache nyumbani, yasije yakakamatwa na upepo. Najua hapo ungecheka. Ungesema, "Msomi ameanza." Tangu uondoke hakuna mtu aliyeniita msomi. Wengine wananicheka kwa sababu niliachia shule darasa la sita, lakini wanacheka vibaya, hawajui kucheka kama wewe.

Hii ni barua ya nne. Zile tatu niliwapa madereva wa malori wanaopitia Bomet kwenda Narok, na sijui kama ulizisoma au zilifungiwa sukari. Hii nimeinakili mara tano kwa mkono wangu mwenyewe, na unajua mimi na kalamu hatupatani. Moja itabandikwa Kapsoit kwenye ukuta wa duka, moja iko njiani kwenda soko la Chepilat, moja naipeleka gereji Kericho, mbili zinakuja huko Mulot. Nimewaomba wanaojua kusoma wawasomee wasiojua. Usikasirike kwamba watu wanasikia mambo ya nyumba yetu. Nataka wasikie. Mbele huko utaona sababu.

Unakumbuka siku uliyoileta ile gari? Mzungu wa upande wa Sotik alikuwa anarudi kwao, ameitupa nyuma ya boma la ng'ombe, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Uliivuta kwa trekta mpaka kwenye nyumba zetu za wafanyakazi, na watu wote wakatoka nje. Ilikuwa fupi, pana, taa zimetokeza kama macho. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, "Eliakimu, umetuletea chura." Basi ikawa Chura mpaka leo. Ulipofungua boneti niliona injini imelala kwa upana, nikakuambia hii imeanguka, leta mtalimbo tuisimamishe. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye nyasi.

Halafu ukanieleza, na mwalimu hakuwahi kunieleza kitu kikaingia kichwani namna hiyo. "Gari zingine zinasukumwa kama wilbaro," ukasema. "Hii inavutwa kama plau. Ng'ombe wako mbele. Mjali ng'ombe wako na plau itafuata." Zile jointi za ekseli za mbele, zinazopeleka nguvu kwa gurudumu hata kama limekunjwa, ulizitoa kwenye gari nyingine iliyokufa. Ukazisafisha kwa mafuta ya taa, ukazijaza grisi kwa kidole, ukazifunga. Ile ya kushoto uliikaza, ukaifungua, ukaikaza tena, kwa sababu hukupenda sauti ya nati. Mimi nilisikia nati tu. Wewe ulisikia neno.

Kabla ya kunipa usukani ulinikalisha kwenye sanduku la majani chai jikoni kwa Mama, matofali matatu miguuni, mfuniko wa sufuria mkononi. "Breki zote umalize barabara ikiwa bado imenyooka. Klachi. Piga resi kidogo. Teremsha gia. Achia klachi. Sasa ndio ukunje." Kutwa nzima nakanyaga matofali nikinguruma kwa mdomo. Mama alipita na maji akasema, "Huyu ameendesha jiko langu mpaka wapi?" Ukamwambia, "Amefika Litein, Mama." Akajibu, "Basi aniletee chumvi akirudi."

Na ulinifundisha kwamba pua ikikataa kugeuka kwenye matope, mjinga huzidi kukunja usukani. Unarudisha usukani kidogo, magurudumu yanapata mahali pa kushika, ndipo unaomba tena. Ukanifundisha kugusa breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia uko kwenye mafuta, ili pua ikae chini. Wiki ya kwanza mguu wangu wa kushoto ulidhani kila kitu ni klachi, nikakupigisha kichwa kwenye kioo. Ulijipangusa tu ukasema, "Tena."

Lakini kile ninachokumbuka nikiwa nimekasirika nikajikuta natabasamu ni ile Jumapili ya mvua. Kilima cha kanisa kilikuwa sabuni tupu. Land Rover ya meneja wa shamba ilikuwa imelala mtaroni. Chura nayo ikipanda, uzito unarudi nyuma, magurudumu ya mbele yanazunguka bure. Ukashuka, ukaangalia, ukarudi ndani, ukaigeuza, ukaingiza gia ya nyuma. Tukapanda kilima kinyumenyume, injini ikiwa upande wa chini kama punda anayesukuma kwa matako, Mama kiti cha nyuma na kitambaa chake cheupe, akiwa wa kwanza kufika mlangoni mwa kanisa. Wazee wa kanisa walitoka nje kutazama. Mchungaji akasema, "Nyumba ya Zakayo na Eliakimu, hata kwa Mungu mnakuja na mgongo?" Mama akajibu kabla yetu, "Mchungaji, wewe hesabu waliofika."

Ndivyo habari zako zilivyofika Kericho, kwa Tajiri wa gereji, yule anayepeleka gari zake kwenye mashindano. Alikuja mwenyewe akaizunguka Chura mara mbili. Alitaka fundi mkuu. Akasema Jumamosi gari itoke geti la kiwanda king'ora cha saa nane kikilia, watu wakiwa kwenye mizani ya majani na barabara iko wazi, naye angesubiri darajani kule chini na saa yake. Ikifika kwa muda aliousema, kazi ni yako.

Ungeendesha wewe. Kila mtu alijua ungeendesha wewe. Mimi ndiye nilikusumbua, wiki mbili, asubuhi na jioni, kama nzi wa boma. Nikakuambia mimi ni mwepesi, gari itaruka. Nikakuambia wewe ni fundi, fundi hukaa kando akasifiwa. Mwishowe ukanipa ufunguo, na ukamwambia Tajiri maneno ambayo siwezi kuyatoa masikioni: "Gari nimeitengeneza mimi. Na dereva pia nimemtengeneza mimi."

King'ora kikalia. Wewe ulibaki getini, Tajiri alikuwa darajani, na katikati, kwenye ile kona ya miti ya bulugamu, hapakuwa na mtu.

Mlinikuta nimekaa juu ya majani chai, paji la uso limepasuka, Chura imelala ubavu mtaroni inatazama ilikotoka. Wewe ulikuja mbio kutoka juu, viatu vimebaki kwenye matope. Tajiri akapanda kutoka chini. Akauliza, "Ni nini?" Sikungoja hata upate pumzi. Nikasema, "Jointi ya kushoto. Ilikatika nikiwa kwenye kona." Akainama akaangalia, na kweli ilikuwa imekatika, kipande kinaning'inia kila mtu anaona. Akasema, "Fundi, kazi yako ingeua mtu," akapangusa mikono akaenda zake.

Ulikuja ukanishika kichwa kwa mikono miwili, una grisi, unaangalia damu. Ukasema, "Ningekuua, msomi. Kwa mkono wangu." Halafu ukachukua ile jointi ukakaa nayo kando ya barabara, unaigeuzageuza, unatafuta mahali ulipokosea. Wachumaji walipita na vikapu vyao wakakuona hapo. Jumatatu kitanda chako kilikuwa kimetandikwa na spana zako zimefungwa kwa gunia chini yake.

Watu hawakunisaidia, kaka. Walinipenda. Dereva aliyeponea kazi mbovu ya fundi! Kapsoit walininunulia chai, nikasimulia jinsi nilivyopigana na usukani, na kila siku kona iliongezeka urefu. Tajiri aliniita hata nijaribu lori lake. Niliendesha wiki tatu, nikaacha. Nikifika kona yoyote nilikuwa nakuona umekaa kando ya barabara.

Kisha akaja dereva mmoja wa lori la ngano, akaniambia amekuona Mulot unabeba magunia. Akasema lori lake lilizimika hapo sokoni, watu wakakusanyika, kila mmoja na ushauri wake. Wewe ulisimama nyuma na gunia begani, ukasikiliza starta inavyolia, na midomo yako ikatikisika kama mtu anayejua jibu. Wakakuuliza, "Wewe unajua magari?" Ukasema, "Mimi si fundi." Ukaenda na gunia lako. Mama alipokutumia salamu kwa huyo dereva, ulirudisha neno moja tu: uko hai, lakini hutarudi kwa watu walioona kazi yako ikimwaga damu ya ndugu yako.

Nilikuja Mulot mwezi uliopita. Sijamwambia mtu. Nilikuona mgongo, karibu na duka la unga, shati la bluu limepasuka begani. Nilikuwa nimekaribia kiasi kwamba ningekuita bila kupaza sauti. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu. Mimi, mdomo huu huu. Nikarudi nikapanda lori lililonileta.

Sasa Mama amekuwa na tabia ambayo siwezi kuivumilia. Gari yoyote ikipanda kilima hiki anaacha alichoshika, anasikiliza inavyobadilisha gia. Ikikwaruza anaendelea na kazi. Ikiingia laini anatoka mpaka mlangoni. Jana ilikuwa gari ya kuchukua maziwa. Alitoka, akarudi, akasema, "Huyu naye amejifunza vizuri," akaendelea kupepeta mahindi. Nilitoka nje nikaenda kukaa kwa choo nikalia kama msichana, na wewe unayesoma hii kwa sauti, usiruke hapo, soma.

Spana zako ziko. Nazipaka mafuta zisishike kutu. Chura iko nyuma ya nyumba, na kuku wameanza tena. Sijui kuitengeneza. Nimejaribu, nimebakiza nati kumi na nne ambazo sijui zilitoka wapi. Sina ujanja tena, kaka. Nimemaliza maneno yangu yote mazuri kwenye zile barua tatu, na katika zote tatu nilikuambia nimekusamehe. Mimi nikakuandikia wewe hivyo.

Basi sikilizeni, Kapsoit, Chepilat, Kericho, na wewe Mulot. Kwenye mafunzo niliyoyataja juu nimeruka moja, na nimelikwepa tangu ile Jumamosi. Kaka alinifundisha kwamba gari ya kuvuta mbele, ikiwa katikati ya kona na mwendo ni mkali, hutoi mguu kwenye mafuta hata kama unaona kaburi lako. Ukiutoa ghafla, uzito wote unakimbilia puani, nyuma inakuwa nyepesi kama kikapu kitupu, na mkia unakuja kukupita. Unashikilia. Gari itajivuta itoke yenyewe.

Niliingia ile kona na mwendo mkali kuliko tulivyowahi kufanya, kwa sababu nilitaka Tajiri aulize jina langu. Udongo ulikuwa umenyeshewa asubuhi. Niliuona mtaro, nikaiona miti. Lakini gari ilikuwa inashika, Eliakimu. Niliisikia mikononi. Magurudumu yote mawili yanavuta, jointi zako zinazunguka bila hata mlio, na kona ilikuwa imebaki kidogo sana. Niliogopa. Niliogopa, nikatoa mguu. Mkia ukanipita, gari ikageuka nyuma mbele, na gurudumu la kushoto likapiga jiwe la mtaro. Hilo jiwe ndilo lililokata jointi, mimi nikiwa tayari nimeshaanguka. Uliikaza sawasawa. Hukukosea mahali popote.

Nakuaga hapa, kabla sijaanza kujisifu tena.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Zakayo