Kura ya jua

Miza, acha chochote unachofanya. Prudence yuko hapa kwangu, amekaa chini jikoni analia, hata viatu hajavua.

Si leo alikuwa na mkutano wa wazazi pale shuleni anapofundisha, Cibitoke? Papa mumoja akasimama, kravati imemkaba shingo: «Mutoto wangu anasema jua ni nyota. Madamu, we umeshaona nyota saa sita mchana?»

Ukumbi mzima MAKOFI.

Prudence akaeleza polepole, kwamba jua ni nyota iliyo karibu na sisi, na dunia ndiyo inalizunguka. Mama mumoja akaruka: «Kama dunia inazunguka, mbona Kinanira haijafika hapa hata siku moja?»

Kinanira, Miza!! Eti kilima kije kutusalimia.

Sasa direkta, mutu mwenye diplome zake ukutani, unajua alifanya nini? Akasema wapige kura. Kura! Juu ya jua! «Wanaosema jua si nyota, mikono juu.»

Mikono ikasimama kama msitu. Direkta akamwambia Prudence aombe wazazi samahani, la sivyo aache darasa la sayansi. Yeye akajibu: «Apana. Basi tafuteni mwalimu mwingine.» Akabeba mkoba wake, huyo akatoka.

Unafikiri analilia kazi? Wala!

Valéry, bwana yake, alikuwa amekaa kule nyuma. Alikuja kumuunga mkono. Na mkono wenyewe, Miza, ulikuwa juu pamoja na ya wenzake.

Akamkimbilia mpaka barabarani: «Chérie, walikuwa wengi.»