Kichwa cha Koikai

Arusha, Mei 1911

Kwa dada yangu Tunu, Tanga,

Shikamoo dada. Mimi ni mzima, ila baridi ya Mlima Meru imeniondolea hamu ya kuoga. Kanzu ulizonishonea zimefika.

Wiki iliyopita Mjerumani mmoja alikuja kukagua shule ninayofundisha. Alimsimamisha Koikai, kijana mkubwa, hodari wa kusoma kuliko wote. Koikai akamwinamishia kichwa ili aguswe utosini, maana ndivyo vijana wa Kiarusha wanavyomwamkia mkubwa. Mjerumani akafoka, "Nitazame machoni!" Koikai akazidi kuinama, kwa kuwa kwao kumkazia mkubwa macho ni kukosa adabu.

Nilijaribu kueleza. Nikaambiwa nishike kiboko. Nilimchapa kumi, dada.

Jumapili nilikwenda kwao Sekei kuomba radhi. Baba yake alinikaribisha maziwa, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huko Ulaya kijana anamheshimu vipi mkubwa?"

"Anasimama wima na kumtazama usoni."

"Na ulijua kwamba sisi hatufanyi hivyo?"

"Nilijua, mzee."

Akainuka, akamwita mwanawe. Koikai alinisindikiza hadi njiani.

"Kesho nitakuja," akasema. "Kusoma nataka. Lakini yule akirudi, utanichapa tena?"

Nikamwambia hapana. Kwa hiyo leo asubuhi nimepeleka bomani barua ya kuacha kazi. Mama usimwambie, nitamweleza mwenyewe nikifika.

Ni mimi mdogo wako,
Jamaldini