Misuko Saba Kwenye Ubao

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, mtaani huitwa Bi Kitana
Umri: miaka 46
Kazi: msusi
Makazi: nyumba ya nyuma ya saluni yake

Nimefika kituoni kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nimesikia mlinzi wa ukumbi wa maktaba ameandikisha kwamba nywele zilizokatwa kwenye picha iliyokuwa inaonyeshwa pale zilikuwa takataka za saluni yangu. Si kweli.

Mtuhumiwa, aliyezikata, ni mteja wangu wa miaka minane, tunamwita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mchoraji wa picha ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mnamo tarehe 3 Februari, saa tatu asubuhi, binti wa Mwalimu, miaka kumi na saba, alikuja saluni peke yake. Alisema wiki ijayo anaanza matibabu hospitalini na daktari amemwambia nywele zitang'oka. Akasema, "Shangazi, bora nizitangulie mimi. Ila nisuke kwanza, nitoke vizuri."

Nilimsuka mistari saba ya kwenda nyuma, ule mtindo tunaouita twende kilioni. Ni jina la mtindo tu, na siku hiyo hakuna aliyelitamka. Kisha nikaikata misuko mmoja mmoja, karibu na ngozi.

Mdogo wangu alikuwepo, anaokota rasta za bandia zilizoungua ncha na vitana vilivyovunjika meno. Binti akamuuliza za nini. Akamwonyesha mchoro kwenye simu: kichwa cha mwanamke kwa nyuma, anasukwa. Binti akasema, "Basi weka na zangu. Na uniweke katikati, nisikae pembeni kama niliyedoea." Tulicheka wote watatu.

Alipokuwa anatoka alinigeukia: "Mama usimwambie. Atalia, halafu itabidi nimbembeleze mimi. Nitamwambia mwenyewe picha ikiisha." Nikamkubalia.

Picha ilitengenezwa chumba cha nyuma cha saluni, juu ya plaiwudi yenye ukubwa wa mlango. Mdogo wangu alipaka rangi, akabandika rasta kwa gundi ya seremala na kupanga meno ya vitana kuwa ukosi wa gauni. Misuko ya binti gundi iliiharibu, ilikuwa inakakamaa. Nikatoboa ubao kwa msumari na kuishona mwenyewe, kwa sindano iliyopinda ninayoshonea nywele za bandia. Ilinichukua siku nne. Binti alikuja kuitazama mara mbili, amejifunga kitambaa. Mara ya pili alichovya kidole kwenye rangi ya kahawia akapaka shingo ya yule mwanamke. Alituambia tumeifanya nyembamba mno.

Tarehe 22 Aprili alifariki. Picha ilikuwa haijaisha.

Msibani nilikaa mkeka mmoja na Mwalimu siku tatu. Sikumwambia. Afisa ameniuliza kwa nini. Kila nilipofungua mdomo, kuna mtu alileta chai.

Tarehe 11 Juni nilikuwa kwenye ukumbi wa maktaba, picha zinapoonyeshwa na yetu ikiwemo, nachana rasta zilizokuwa zimejikunja. Saa nne na dakika ishirini asubuhi Mwalimu aliingia na wanafunzi wake. Sikujua kama angekuja. Alisimama mbele ya picha. Binti alizaliwa na kishungi cha nywele nyekundu kama kutu upande wa kushoto, na kwenye msuko wa tatu kilionekana wazi. Mwalimu alinitazama, akauliza, "Hizi za nani?"

Niliendelea kuchana.

Alitoa kwenye mkoba mkasi wa kukatia karatasi darasani, akakata nyuzi za msuko wa tatu. Hakupiga kelele. Alipouvuta msuko, ubao ulianguka, ukapasuka pembeni. Mlinzi alipomshika mkono alisema, "Mwanangu si pambo la ukutani." Wanafunzi walikuwa wanatazama.

Kwa hiyo naomba iandikwe: nywele hazikuokotwa, zilitolewa na mwenyewe, kwa mdomo wake. Mdogo wangu hakuiba. Mwalimu hakujua. Aliyejua akakaa kimya ni mimi.

Leo kabla sijaingia humu nilimkuta Mwalimu kwenye benchi la koridoni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliniuliza jambo moja: "Alilia ulipokuwa unazikata?"

Nikamwambia, "Hapana. Alicheka."

"Alicheka nini?"

Nikamwambia. Akasogeza mkoba wake ili nipate pa kukaa.

Ninayoyajua ndiyo hayo, na nimeyasema bila kulazimishwa.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo na kuyakubali. Penye "mabaki ya nywele" aliomba paandikwe "nywele", nimerekebisha. Saa nane mchana mchoraji amefika na kufuta malalamiko. Kielelezo, msuko mmoja, amekabidhiwa mama wa marehemu, ametia sahihi. Aliulizwa kuhusu misuko sita iliyobaki kwenye ubao. Amesema isiguswe, na ameuliza ukumbi unafungwa saa ngapi.