Kilo Tisini na Mbili za Shemeji Yako

Dada Kabula,

Nakuandikia kwa sababu wa kumwambia mwingine sina. Mama nikimwambia atalia, mumeo Jilala nikimwambia atainamisha kichwa, na mimi sitaki kilio wala kichwa kilichoinama. Nataka mtu wa kunisaidia kumdharau Masunga, kaka mkubwa wa mumeo, maana kazi hiyo imenizidi peke yangu.

Unamkumbuka alivyokuwa tangu makampuni ya watu binafsi yaruhusiwe kununua pamba, akapewa kazi ya kupima pale Sapiwi. Kabla hajapima mzigo wa mtu, anapanda yeye kwanza kwenye mizani, anajisomea kwa sauti: kilo tisini na mbili. Wewe ukaninong'oneza kwamba sabini kati ya hizo ni mdomo. Tulicheka mpaka wakwe zako wakatutupia macho.

Siku ile ulipojifungua na damu ikakataa kusimama, hukusikia yaliyosemwa barazani hospitalini, kwa hiyo nikusimulie. Mtu wa maabara alitaka chupa mbili za damu. Jilala alitoa ya kwanza, maskini, bila swali. Kwa ya pili tukabaki mimi na Masunga. Mimi nilikuwa namnyonyesha Sayi wangu, miezi minne, na mizani ikasema kilo arobaini na sita. Nikamwomba yule bwana aandike hamsini. Akakataa. Akasema anayenyonyesha hatoi, asiyefika hamsini hatoi, na yeye hawezi kuniua mimi ili akuponye wewe. Simlaumu.

Akamgeukia Masunga. Dada, sijawahi kuona mwanamume akichakaa haraka namna ile. Alipoulizwa umri, miaka yake ikampotea. Alipoulizwa kama alipata homa wiki ile, homa ikampanda palepale. Utotoni aliwahi kuwa na macho ya njano, tena ana kizunguzungu, tena hajala tangu jana. Alipopandishwa kwenye mizani na zile tisini na mbili zikasomeka, akasema mizani ya hospitali ni mbovu. Magonjwa yalipomwishia ndipo akasema, "Huyu damu yake ni ya kwao. Waiteni ndugu zake wa Mwamapalala waje watoe." Akaenda zake kununua soda.

Kaka zetu walifika kwa baiskeli, jasho linawatiririka, mikono ya mashati wameshaikunja. Ulikuwa umeshafunikwa shuka.

Halafu siku ya kuondoa matanga mdomo uleule ukasimama mbele ya watu, ukasema mtoto ni damu yao, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walishatoka, na akiacha kunyonya watakuja kumchukua. Wazee wakaitikia, maana ndiyo desturi. Mimi nilikuwa nimewapakata wote wawili, Sayi ziwa hili, Limi wako ziwa lile. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kumenikera mpaka mwaka huu.

Sasa sikia. Watoto wote nimewaachisha ziwa, siku nyingi tu. Wiki iliyopita asubuhi Masunga akaja nyumbani kwangu na pikipiki ya kampuni. Nikajua siku imefika, nikamsukumia Limi ndani nikasimama mlangoni. "Mwangaluka, shemeji," akaniamkia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Hakumfuata mtoto. Mkewe mimba imeharibika, anavuja damu, yuko Bariadi amelazwa, na damu ya ndugu aliowapeleka haikulingana. Akanitazama juu mpaka chini kama anavyotazama mzigo wa pamba. "Wewe sasa unafaa," akasema. Kumbe masharti yote aliyakariri siku ile, lijitu lile, hata moja halikumponyoka.

Nilikwenda. Mkewe hana kosa ila la kuolewa naye. Niliulizwa yote upya, nikapimwa kilo hamsini na tatu, nikapita, na damu yangu ikalingana na yake. Masunga naye aliulizwa. Wiki hiyo alikuwa na malaria.

Nilitoa kwanza, nikasema baadaye, asije akatangaza kwamba nilimuuzia. Nikiwa bado nimelala pale kitandani nikamwambia, "Limi habanduki kwangu. Siku utakayomdai, nitasimama mbele ya wazee wa Sapiwi niwasimulie ulivyougua." Alikubali upesi, hata akaapa kwa jina la baba yake. Limi ni wetu, dada. Mkewe naye amepona.

Lakini sikiliza alivyomaliza. Alisimama pale akiutazama mkono wangu uliobandikwa kipande cha pamba, mwanamume mzima, akaniuliza, "Shemeji, inauma?"

Sikumjibu. Nakujibu wewe. Inauma kidogo mwanzoni, kama sindano ya chanjo, kisha unapewa chai. Ndicho alichokunyima.

Lala salama, Kabula. Limi nitamlea, na akikua nitamweleza mama yake alikuwa nani. Pale maabara wameniambia nikikaa miezi minne naweza kutoa tena. Nitakwenda, nimeitwa sijaitwa, ili dada wa mtu mwingine asikae akisubiri mtu wa kilo tisini na mbili.

Mdogo wako,
Milembe