Nyuma ya Mugongo Wake

Kituku, Goma
Jumamosi, siku ya posho

Papa mupendwa, Muzee Havugimana,

Mupokee salamu nyingi za binti yenu Uwingabire. Habari ya afya? Goti lile bado linawasumbua mvua ikinyesha? Na mama, kikohozi kilimuacha ao anaendelea kukificha? Mie niko muzima, Mungu ni mwema, isipokuwa mikono yangu inanuka sambaza, samaki hawa wadogo wa ziwa, hata nikiwa ndani ya misa. Asubuhi mitumbwi inafika, ninapima samaki, ninauza, ninarudi ku chumba changu, ninafunga mulango. Ni hivyo tu. Goma imejaa watu, papa, lakini hakuna hata mumoja wa kuniuliza kama nimekula.

Mutashangaa: barua ya nini, na simu iko? Simu yenu munaisikilizaga ku haut-parleur, sauti wazi, pale inje, na Kalengera yote inaitikia. Haya maneno si ya majirani. Nimemupa Théoneste wa shangazi, nimemuapisha asifungue bahasha. Akifungua, mumuvute sikio.

Mama aliniambia kwamba munatayarisha kumaliza kilio cha kaka yangu, na kwamba ninapaswa kuja kupika na kulia pamoja na wengine. Ninajua maana yake. Kilio kikiisha kumalizika, hata siku moja akirudi, mulango wenu hautafunguka tena. Ndiyo sababu ninaandika haraka, na mwandiko mubaya namna hii.

Sheria ninaijua. Mulinifundisha wenyewe, ijapokuwa mie ni mwanamuke. Sisi ni Abararahanze, watu wa kulala inje ili wengine walale ndani. Murarahanze hanywi maziwa kabla watoto hawajanywa. Hamupigi mutu aliyelala. Akila, anawapa watu wake mugongo na uso anauweka ku njia, kwa sababu adui hangoji mutu amalize sahani. Na yule mwenye kukimbia, huyo amekufa. Jina lake halitajwi, munazika mugomba uliovalishwa koti lake, na hakuna mutu wa damu yake anayekaa tena nyuma yake; akikaa, naye amekufa.

Kaka yangu alikimbia. Wezi wa ng'ombe walipofika kilimani alimuacha mulinzi mwenzake Twizeyimana peke yake, na Twizeyimana akakatwa panga ku bega. Sibishi hata neno moja. Mulizika mugomba, na mie nililia juu ya mugomba ule mpaka sauti ikanikauka.

Sasa musikilize. Hapa Kituku kuna Mama Cibalonza, mutu wa Bukavu, anauza fufu na maharagi. Siku moja alianza kulalamika juu ya kijana mumoja mwenye kusukuma chukudu ya mbao ya magurudumu mawili, anayeshusha magunia ya makala ya kupikia kutoka Kibati. Alisema kijana ana majivuno ajabu: wenzake wanazunguka meza, yeye anageuza kiti anawapa mugongo! Wengine wanasema anawadharau, wengine wanasema anaficha nyama. Wamemupa jina la Chef. Tulicheka wote, na mie nilicheka kuwapita, halafu nikaacha kupima samaki. Nani mwingine katika Goma yote anakula hivyo?

Nilienda kuangalia. Amekonda, papa. Chukudu imemupanua mabega, lakini shingo imebaki ile ile ya mama. Alikuwa anakula pole pole, macho ku barabara, na karibu yake hakuna mutu, maana wenzake walikuwa wamesogeza meza mbali kwa kumuchukia. Anawalinda watu wasiomujua, na wanamucheka. Masikini ya Mungu!

Ningeweza kurudi ku sambaza zangu, na hakuna mutu angejua. Papa, sikurudi. Nilivuta kiti, nikakaa nyuma yake, mugongo wangu ukagusa wake, nikaomba sahani. Hakugeuka, na munajua kwamba hawezi kugeuka. Lakini kijiko kilisimama, na akauliza kwa Kinyarwanda, sauti chini, kama mama angali hai. Nikajibu kwamba yuko. Akalia, macho bado ku barabara.

Nilimuuliza juu ya nini alikimbia. Hakutafuta uongo. Alisema aliogopa, basi, na miguu ilienda kabla moyo haujaamua. Alisema bega la Twizeyimana linamuuma yeye kila akisukuma chukudu. Tena alisema sheria ni ya haki, na kwamba hatawaomba muivunje. Nilikasirika sana! Ninyi wawili munafanana, vichwa vigumu kama mawe ya volkano. Kama yeye haombi, mie ninaomba. Wazee wanasema mutoto akikunyea mukono, mukono haukatwi.

Tangu siku ile ninakula nyuma yake kila mchana. Musitume mutu kuja kuchunguza kama ni kweli. Ni kweli, na kesho nitakaa pale tena. Ninajua sheria inasema nini juu ya mutu kama mie. Kwa hiyo sitakuja kulia, papa. Siwezi kulilia mutu niliyetoka kugawana naye maharagi. Mutuite wawili, tutapanda gari tuje, naye atapiga magoti mbele ya Twizeyimana. Lakini mukimaliza kilio chake, mumalize na changu siku hiyo hiyo, chakula kisipotee mara mbili.

Barua hii mumusomee mama yote, musiruke neno. Mumusalimie Twizeyimana, mumuambie tunamuombea. Musalimie shangazi na watu wote wa Kalengera wenye kutukumbuka bado. Mungu awape usingizi muzuri, na goti lipone.

Ni sisi watoto wenu,

Uwingabire na Janvier